Magitaa na Amplifaya za Kale: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Hapa Nairobi

Watu hupanda ngazi hadi karakana yangu, mtaa mmoja nyuma ya River Road, wamebeba gitaa lililofungwa kwa leso au amplifaya ambayo kuku wameilalia tangu enzi za Mzee Moi. Wakishatua mzigo, huuliza: fundi, hii ni pesa ngapi? Nimechoka kurudia. Soma kwanza, halafu ukipanda ngazi tutaanzia mbele.

Gitaa likishakuwa la zamani si lazima liwe na bei?

La. Kuna magitaa yaliyokuwa takataka siku yalipotoka kiwandani, na miaka sitini haijayageuza kuwa dhahabu. Kinachofanya mtu atoe pesa ni aina ya gitaa na mwaka wake, halafu ni kiasi gani limebaki lilivyozaliwa. Hilo la pili ndilo linalowaumiza watu wetu, kwa sababu Mkenya akipewa kitu kikuukuu hawezi kulala kabla hajakipaka rangi.

Kileleni mwa soko kuna Gibson Les Paul za rangi ya machweo za 1958 hadi 1960, ambazo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kuna pia Fender Stratocaster, iliyoanza 1954. Mwenye Fender, mzee aliyeitwa Leo Fender, aliiuza kampuni yake kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, Januari 1965 kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wamechora mstari: kabla ya CBS na baada ya CBS. Mimi huona mstari huo una ushirikina kidogo, maana mafundi walioingia kazini Januari hiyo walikuwa wale wale wa Desemba, na vipuri vilikuwa vile vile. Lakini soko halikuombi maoni yako.

Uwezekano wa kupata mojawapo ya hayo chini ya kitanda huko Kaloleni upo, ila usiache kazi kwa ajili yake.

Nimeachiwa gitaa na babu aliyekuwa akipiga katika bendi ya hoteli. Nianze wapi?

Anza kwa kutolifanyia lolote. Usilisugue kwa Brasso. Usibadilishe funguo za kukazia nyuzi kwa sababu zina kutu. Usimpe jirani fundi wa makabati "aliweke sawa kidogo". Lipige picha mbele, nyuma, kichwani, na ndani ya tundu kama lina tundu. Legeza nyuzi nusu, lilaze mahali pasipo jua.

Kisha fungua sanduku lake na upekue kijifuko cha ndani. Humo nimewahi kukuta risiti ya dukani, kadi ya mwaliko wa dansi, na skrubu tatu zilizofungwa kwenye karatasi ya sigara. Skrubu hizo zilikuwa za gitaa hilo hilo, za asili, na ziliongeza bei kuliko risiti. Sanduku lenyewe usilitupe. Kama ni la kiwandani, hilo pia ni mali.

Niliwahi kuletewa gitaa zuri la sanduku, yaani lisilo la umeme, lililopakwa vanishi ya milango, ile nzito inayonata. Kijana alikuwa ametaka kunifurahisha. Wafanyabiashara wa vyombo hivi wana kanuni isiyoandikwa: gitaa la kale lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei yake. Debe moja la vanishi, nusu ya urithi.

Nitajuaje ni la mwaka gani?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapopenda kukaa.

Wengi hukimbilia nambari ya mfululizo. Nambari inasaidia, lakini ni shahidi wa kuhojiwa. Kwa Fender za zamani iko kwenye bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu nne nyuma ya shingo. Mtu mwenye bisibisi hulihamisha kwa dakika mbili. Gibson katika miaka ya 1960 walitumia nambari zile zile zaidi ya mara moja, hivyo nambari moja inaweza kukupa miaka miwili au mitatu tofauti. Kitu kimoja rahisi: Gibson yenye maneno Made in USA yaliyogongwa nyuma ya kichwa ni ya 1970 au baadaye. Na kuanzia 1977 walikuja na tarakimu nane zinazosomeka vizuri: ya kwanza na ya tano ni mwaka, tatu zilizo katikati yake ni siku ya mwaka. Kwa mfano 82765501 ni siku ya 276 ya mwaka 1985, yaani tarehe 3 Oktoba. Martin wa Marekani ndio waungwana: nambari zao zinafuatana tangu 1898 na orodha yake iko wazi kwa kila mtu.

Ukimaliza nambari, ingia ndani. Kwenye poti, vile vikombe vidogo vya chuma vilivyo chini ya vifundo vya sauti, kuna tarakimu zilizogongwa. Tatu za mwanzo ni za kiwanda kilichotengeneza poti: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa hiyo 1376632 ni poti ya CTS ya wiki ya 32, mwaka 1966. Lakini usishangilie. Poti inakuambia gitaa halikutengenezwa kabla ya hapo. Haikuambii lilitengenezwa lini hasa. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 wakaitumia kwa miaka kadhaa, na nimeona watu wazima wakigombana kwa sababu ya poti za mwaka huo.

Fender nyingi pia zina tarehe kwenye kisigino cha shingo, ya penseli au ya muhuri. Ili kuiona lazima ufungue skrubu nne, na kama hujawahi kufanya hivyo, mwachie aliyewahi.

Mashahidi wote wakisema mwaka mmoja, vizuri. Shingo ikisema 1963, poti zikisema 1972 na lehemu iking'aa kama ya jana, una magitaa mawili yaliyooana bila mahari.

Rangi ni ya asili au imepakwa upya? Naweza kujua mwenyewe?

Unaijua ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia? Hiyo hiyo. Ingia nayo kwenye chumba chenye giza. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kwa rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano, wakati sehemu iliyopakwa juzi hubaki nyeusi kama kiraka. Hata ufa uliozibwa huonekana.

Angalia pia chini ya kibao cha kukinga mikwaruzo na ndani ya mashimo ya skrubu, maana mpaka rangi wa mtaani huwa na haraka. Nyufa nyembamba kama nywele juu ya vanishi si kasoro. Ni uzee wa kawaida, na kuna viwanda vinavyotoza pesa zaidi kuuiga.

Kichwa kilivunjika kikagundishwa. Limekwisha?

Halijakwisha. Gibson hukilaza kichwa nyuma kwa pembe ya digrii 17 hivi, na mbao zimechimbwa hapo kupitisha chuma cha ndani ya shingo, hivyo likianguka huvunjika pale pale. Likiunganishwa na fundi anayejua gundi, litapigwa miaka mingine hamsini. Bei ya mkusanyaji, hata hivyo, hushuka kwa karibu nusu, na muuzaji akikuficha hilo, ondoka na pesa zako.

Kwa mpigaji asiye na pesa nyingi, hilo ndilo gitaa la kutafuta: sauti kamili kwa nusu ya bei.

Vipuri vilivyobadilishwa vinashusha bei kiasi gani?

Inategemea kipuri. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni, ni kama matairi: zinaisha, zinabadilishwa, na mnunuzi mwenye akili hanuni sana. Nyuzi hata usiulize.

Pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ni habari nyingine. Zile za Gibson zinazoitwa PAF, kwa maneno Patent Applied For ya kwenye kibandiko kilicho chini yake, zilizoanza kufungwa mwaka 1957, jozi moja peke yake huuzwa kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana watu huzing'oa na kuziuza kando, halafu gitaa huzunguka sokoni likiwa na pikapu mpya na uso mkavu. Kibandiko cha PAF nacho huchapishwa na yeyote mwenye printa, usinunue kibandiko.

Ukilazimika kubadilisha kitu, tia kile cha zamani kwenye bahasha na ukiweke ndani ya sanduku. Mashimo mapya ya skrubu usitoboe kamwe. Kipuri hurudishwa, shimo halirudishwi.

Langu limeandikwa jina nisilolijua na chini yake "Made in Japan". Nilitupe?

Ukilitupa, nipigie simu kwanza.

Nairobi ni mji wa magitaa ya Kijapani zaidi ya ya Kimarekani, na si ajabu, yalikuwa nafuu. Teisco, Guyatone na Kawai za miaka ya 1960 zilidharauliwa kwa miaka mingi, lakini leo kuna watu wanaozitafuta kwa maumbo yake ya vituko na pikapu zake zenye ukali wa pekee. Huwa hazifiki bei ya Fender, ila si kuni.

Yamaha FG-180, iliyoanza 1966 na kibandiko chekundu ndani ya tundu, ina wapenzi duniani kote ingawa ubao wake wa juu ni wa mbao za tabaka. Squier, chapa ya Fender, za Japani za miaka ya mwanzo ya 1980, ambazo nambari yake huanza na JV, siku hizi zinathaminiwa kuliko Fender kadhaa za Marekani za wakati ule. Na nakala za Gibson zilizotengenezwa Japani miaka ya 1970, zile ambazo watu huziita za kesi kwa sababu wenye Gibson walikwenda mahakamani mwaka 1977 dhidi ya waliokuwa wakiuza Ibanez Marekani, nyingine ni nzuri kupita kiasi. Tahadhari: siku hizi kila muuzaji ana gitaa "la kesi". Kesi moja imezaa watoto wengi.

Na bandia za siku hizi?

Zipo, na nyingine zina sura nzuri. Kwa Gibson, angalia kifuniko kidogo kilicho kichwani juu ya kile chuma cha shingo. Cha Marekani kwa kawaida kina skrubu mbili. Bandia nyingi huwekwa tatu. Angalia pia nembo: kwenye magitaa halisi mengi imepachikwa ndani ya mbao, ukipitisha kidole hakikwami.

Hali ya hewa ina neno?

Ina neno. Gitaa lililoishi Mombasa nalijua kabla sijaambiwa, kwa kutu ya skrubu na ukungu wa kwenye sanduku. Lililoishi Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, kwa kawaida limetunzwa na hewa yenyewe, isipokuwa miezi ya kiangazi ya Januari na Februari mbao zinapokauka na ubao wa juu kupasuka. Muuaji mkubwa hapa lakini ni buti ya gari. Gari likiachwa juani Uhuru Highway penye foleni ya saa mbili, gundi hulainika na daraja linaloshikilia nyuzi huanza kunyanyuka.

Kasoro nyingine ni ya kwetu kabisa: gitaa la nyuzi za nailoni kufungwa nyuzi za chuma. Hulikuta makanisani sana. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kuliko lilivyojengwa kuvumilia, na siku moja daraja hung'oka katikati ya wimbo wa sadaka. Nimewahi kupokea moja lililofungwa waya wa breki ya baiskeli. Lilikuwa bado linaimba, sijui vipi.

Tuje kwa amplifaya. Nimepata stoo moja ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, niiwashe nione kama inafanya kazi?

USIIWASHE.

Kwanza angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60. Ukiichomeka ukutani hapa, utasikia harufu ya transfoma ikiungua, na transfoma ya asili ndiyo moyo wa bei. Hata ukitumia mashine ya kupunguza volti, transfoma iliyokusudiwa mizunguko 60 pekee hupata joto zaidi kwenye 50. Vox na Selmer za Uingereza nyingi zina kiteuzi cha volti nyuma. Hakikisha hakuna mtu aliyekichezea.

Pili, kapasita zake kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zimekauka kwa kukaa. Zikipigwa umeme wote kwa ghafla baada ya miaka ishirini, zinaweza kupasuka na kuondoka na vitu vingine. Fundi huiamsha polepole, akipandisha volti kidogo kidogo.

Tatu, na hili nalisema kwa sauti: usiifungue na kutia vidole ndani hata kama umeichomoa. Kapasita hubaki na umeme, na ndani ya amplifaya kubwa ya valvu kuna volti zaidi ya 400. Si ile "shoti" ya pasi.

Basi amplifaya inathaminiwaje?

Nageuza nyuma, natafuta vitu vitatu: transfoma, spika na kasha.

Transfoma za asili zikiwepo, nusu ya hofu imeondoka. Fender nyingi zina transfoma zenye tarakimu 606, yaani kiwanda cha Schumacher, ikifuatwa na mwaka na wiki kama zile poti. Spika nazo zina tarakimu kwenye fremu: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford. Spika yenye karatasi yake ya kwanza ina bei. Iliyobadilishwa karatasi hupiga vizuri ila mkusanyaji hupunguza. Spika iliyotolewa kwenye redio ya matatu na kulazimishwa kwa misumari, hiyo tutaiongelea siku nyingine.

Ndani ya Fender za miaka ya 1950 na 1960 kuna karatasi ya orodha ya valvu yenye muhuri wa herufi mbili. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1951. Ya pili ni mwezi. NE ni Mei 1964. Sijui kama kuna raha ndogo inayozidi kuisoma herufi hiyo kwa tochi.

Vox AC30, ya wati 30, ina valvu nne za EL84 na spika mbili za Celestion za inchi 12. Ni nzito, na ndiyo maana nyingi zimeporomoshwa kwenye ngazi. Marshall walianza London 1962, na za miaka hiyo zikionekana hapa nitafunga karakana nije mwenyewe.

Za transista za miaka ya 1970 bei yake ni ndogo, hata zikiwa safi. Isipokuwa chache, zinunue uzipige.

Fundi wa redio alibadilisha kapasita na waya wa ukutani. Ameniharibia?

Hapana, huyo amekuokoa. Kapasita hizo ni za kuisha, na waya wa zamani wa Marekani wa pini mbili usio na ardhi unaweza kumpa mpigaji shoti ya mdomo akigusa maikrofoni. Wanunuzi makini hutaka waya wa pini tatu. Muulize tu kama alihifadhi vitu vya zamani.

Na ukimpata mzee wa redio wa zamani kule Luthuli Avenue, muulize kwa heshima kama ana boksi la valvu. ECC83 na EL84 za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, zilitumika pia kwenye redio na gramafoni. Mpe bei ya haki. Usimdhulumu mzee kwa sababu hana intaneti.

Babu alisema gitaa hili lilipigwa na mwanamuziki maarufu. Linaongeza bei?

Likithibitishwa, sana. Martin D-18E ya 1959 aliyopigia Kurt Cobain iliuzwa kwa dola milioni 6 mwezi wa Juni 2020, na si kwa sababu ya mbao.

Nyumbani kwetu, jina la Fadhili William, Daudi Kabaka au D.O. Misiani lingetosha kumfanya mtu akae kitako. Shida ni ushahidi. "Babu alisema" haiingii kwenye bei. Picha ya jukwaani inayoonyesha mkwaruzo uleule ulio kwenye gitaa lako, hiyo inaingia. Mkwaruzo ni kama alama ya kidole. Tafuteni picha za ndoa na za dansi kabla hazijaliwa na mende, na mrekodi wazee wangali wanazungumza. Mimi binafsi ningependa vyombo kama hivyo vibaki hapa, hata kama bei ya nje ni kubwa.

Nimeona kama langu mtandaoni linauzwa dola 4,000. Langu pia ni dola 4,000?

Hiyo ni bei anayoiota muuzaji. Tazama bei za vilivyokwisha kuuzwa. Kwenye Reverb, soko la vyombo vya muziki mtandaoni, zinaonekana. Halafu toa usafiri, ada za mtandao, na hofu ya mnunuzi aliye Ohio ambaye hajawahi kununua kitu Nairobi. Ukiuza hapa hapa, mnunuzi wako ni mpigaji wa bendi au mwalimu wa muziki, naye huhesabu kwa shillingi za mfukoni. Wanaoagiza kutoka nje nao wakumbuke ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hawajasema wamepata rahisi.

Nikilipeleka nje kuna sheria?

Ipo, na wengi hawaijui. Mbao za rosewood ya Brazili zimo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, na magitaa mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ubao huo kwenye shingo au mgongoni. Bila kibali, linaweza kukamatwa uwanja wa ndege. Aina nyingine za jamii hiyo, ambayo mpingo wetu ni ndugu yao, ziliwekwa chini ya udhibiti Januari 2017, kisha vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa mwishoni mwa 2019.

Pembe za ndovu ni hatari zaidi. Magitaa ya zamani sana yalikuwa na kijiti cha pembe pale nyuzi zinapopita juu ya shingo. Hapa Kenya jambo hilo si la kubahatisha: nenda KWS, shirika la wanyamapori, uulize kabla hujauza wala kusafirisha.

Nitajuaje si la wizi?

Muulize muuzaji alilipata wapi, kisha nyamaza. Mwizi hachukii maswali, huchukia kimya. Andikianeni, mchukue nakala ya kitambulisho, mpige picha nambari. Kama chako ndicho kimeibwa, piga ripoti polisi upate nambari ya OB siku hiyo hiyo, na utume picha kwa wapigaji unaowajua. Bendi za mji huu zinajuana. Gitaa lisilo la kawaida haliwezi kupiga hata harusi mbili bila kutambuliwa.

Wewe pia hununua?

Hununua, na kwa hiyo usiniamini peke yangu. Nikikupa makadirio, sitanunua chombo hicho mwezi huo. Ni sharti nililojiwekea baada ya kuona wengine wakithamini kwa mkono mmoja na kulipa kwa mwingine. Pata maoni ya mtu wa pili.

Kukagua ni pesa ngapi, na nije lini?

Kuangalia kwa macho ni bure. Kufungua na kuandika ripoti tunakubaliana kulingana na kazi. Jumamosi usije, huwa nimezingirwa na wapigaji wa kanisa wanaotaka nyuzi na waya kabla ya ibada. Jumanne asubuhi kuna utulivu. Lete na sanduku, na hizo skrubu za kwenye karatasi ya sigara.